Farasi Mia na Tisa

Aibu hii ninayo tangu masika yaliyopita, na msidhani kwa kuwa nawasimulia leo basi imepoa, maana hata sasa nikipita sokoni Katesh nikasikia mtu ametaja farasi masikio yananiwaka, ila nimeona bora mnisikie mwenyewe kuliko kuletewa na watu walioongeza chumvi.

Mimi ni dereva wa haisi, mtu wa Tumati, kazi yangu ni kubeba abiria wa kushuka Katesh na kurudi. Injini yangu ilipokufa nilikwenda kwa fundi mmoja pale Katesh (jina lake niachieni) anayezifufua injini zilizochoka. Alikuwa nayo moja tayari, silinda zimechongwa, pistoni na ringi mpya, akaipigapiga mgongoni akaniambia, "Kaka, hii sasa ina nguvu farasi mia na tisa." Nikamuuliza amejuaje, akatoa simu akanionyesha namba imeandikwa kabisa, nami nikaamini, wala sikujiuliza kwamba ile ni namba ya injini ikitoka kiwandani, siyo ya hii iliyozeeka ikafunguliwa chini ya mti na kufungwa tena katikati ya vumbi la Katesh (na upepo wa Katesh mnaujua). Mashine ya kupimia hao farasi hakuwa nayo, na mimi sikuiulizia.

Lakini nilijiona mjanja, nikasema siichukui bila kuijaribu. Ilipokwisha kufungwa nikaipeleka kwenye lami ya Singida, tambarare tupu, gari halina mtu isipokuwa mzee Gidamis, mfugaji wa Balangdalalu, ambaye nilimkuta barabarani nikampa lifti. Ikakimbia vizuri mno, mpaka mzee akashika kofia yake. Tuliposimama nikafungua kifuniko cha oili, na pale tunduni moshi ukawa unatoka kidogo kidogo, pu, pu, pu, dalili kwamba nguvu inavuja ndani.

"Dereva," akasema mzee Gidamis, "mbona inahemea mdomoni?"

"Ni joto tu, mzee."

Akatazama tena. "Mimi nikinunua punda namfunga mzigo kwanza, halafu nampandisha kilima. Punda mtupu, kwenye tambarare, wote ni wazuri."

"Mzee, hawa siyo punda. Ni farasi."

Nilicheka peke yangu. Na ubaya wake ni kwamba sikuhitaji kuambiwa, mimi ni mtoto wa mkulima, kwetu hakuna mtu ananunua maksai kwa kumtazama akitembea njiani, lazima umfunge jembe umwingize kwenye udongo mzito umwone anavyovuta, mtoto wa darasa la nne anajua hilo. Injini nikainunua kwa kuitazama ikitembea njiani. Kisha nikaenda kwa mchora maandishi nikamwambia aandike nyuma, chini ya kioo, kwa herufi nyekundu: FARASI 109.

Siku ya tatu, kabla sijapanda nayo Tumati hata mara moja, shangazi yangu akafariki hospitalini Katesh. Huyu ndiye aliyenilea mama alipoondoka duniani, na kwa baba yangu ndiye dada pekee aliyekuwa amebaki. Baba akapiga simu kutoka nyumbani. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona kidogo tu jua likiwa kali, giza likianza kuingia haoni kitu. "Emanueli," akasema, "mnifikishie dada yangu mchana, nimwone." Hakuomba kingine.

Padri akatupa kanta, lile lori dogo la parokia, bure, na dereva wake. Mimi nikasimama mbele ya wafiwa wote nikasema, "Padri, tunashukuru, lakini shangazi yangu hawezi kupanda kanta ya mahindi wakati mimi nina farasi mia na tisa." Kanta ikatangulia na masufuria.

Tukang'oa viti vya katikati, tukaweka jeneza, watu wakajaa pembeni yake wakiimba. Kwenye tambarare hakuna aliyejua tatizo. Mlima ulipoanza nikaingiza gia ya pili, nikaingiza ya kwanza, nyuma moshi wa bluu umefunika barabara, gari likasimama likaanza kunirudisha. Nikaomba wanaume washuke. Tukasogea kona moja. Nikaomba vijana wa kike washuke, kisha kina mama, kisha wazee, shikamoo zangu na samahani nikizitoa dirishani, na kila kundi lililoshuka wimbo ukapungua, mpaka tukabaki wawili mle ndani, mimi na shangazi. Na bado haikupanda.

Wakaja kusukuma. Kwenye kioo cha pembeni niliwaona waombolezaji kwa nguo zao za msiba, tope limewafika magotini, na viganja vyao, nilijua, vimekaa juu ya zile herufi zangu nyekundu. Bibi mmoja aliyekaa kando akamuuliza mjukuu wake pale imeandikwa nini, mjukuu akamsomea kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jua lilikuwa limeshainama alipokuja Safari, mtoto wa shangazi, akafungua mlango wa nyuma. Hakunitukana. Alisema, "Kaka, zima gari. Mama tutambeba wenyewe." Nikazima, nikaweka jiwe kwenye tairi, nikaingiza bega langu chini ya jeneza pamoja nao, tukaupanda mlima wote ule kwa miguu.

Tulifika giza linaingia. Wakafungua jeneza uani, wakamleta baba, akainama sana, akasema, "Simwoni." Mtu akawasha tochi ya simu, ikamwumiza macho, akaomba izimwe. Basi akanyoosha mkono akapapasa, akaupata uso wa dada yake, paji, pua, kidevu, akakaa hivyo muda mrefu kiganja kikiwa shavuni, na mimi nimesimama pale pale nikitamani ardhi inimeze. Akiongozwa kurudi kwenye kiti akaniuliza taratibu, "Ulisema ni farasi wangapi?"

Yale maandishi nimeyakwangua, ila rangi ya chini imebaki na alama, ukikaribia unasoma. Injini niliirudisha ikafunguliwa upya yote. Mara hii sikuuliza namba. Nilipakia magunia ya mahindi mpaka springi zikalala, nikamketisha baba kiti cha mbele, nikaenda kwenye mlima ule ule. Gia ya kwanza, kona ya kwanza, ya pili, mpaka juu, bila kusimama.

"Farasi wangapi?" baba akauliza.

"Sijui, baba. Ila imepanda."

Akauelekeza uso kule liliko kaburi la dada yake, ingawa haoni. Kisha akasema, "Imepanda. Imechelewa tu."

Nimeapa, namba niliyoambiwa tu na mtu haitatoka tena kinywani mwangu kabla mlima haujaniambia.