Kivuko Kisicho na Maji

Nimeandika kitabu kimoja tu maishani mwangu, na jina langu halimo. Ni mwongozo wa kuchora barabara za mjini, ule unaosema njia ya waenda kwa miguu iwe na upana gani, baiskeli ipite wapi na mtu avukie wapi. Wahandisi wanaupenda kwa kuwa ni mnene, na ukiwa mezani wageni wanakaa kwa adabu. Kuusoma ni habari nyingine.

Mimi si mhandisi. Ni mchoraji wa ramani katika ofisi ya barabara hapa Mwanza, na kazi ya kuandika toleo jipya kwa Kiswahili iliniangukia kwa kosa langu mwenyewe. Siku moja wakati wa chai nilijisifu kwamba kidato cha nne nilipata alama nzuri ya Kiswahili. Mkuu wetu wa kitengo, mtu mpole anayelipenda gari lake kuliko chakula, aliweka kikombe chini akasema, "Dada, basi tumepata mwandishi." Wenzangu wakapiga makofi haraka haraka, kabla sijapata nafasi ya kukataa.

Toleo la zamani lilikuwa limeandikwa na watu ambao, kwa maoni yangu, hawajawahi kutumwa dukani kwa miguu. Magari yalikuwa na kurasa tele. Mwenda kwa miguu alipewa ukurasa mmoja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa mchoro. Baiskeli nayo ilichorwa tupu, imepandwa na kijana mwembamba asiyebeba hata mfuko. Nani amewahi kuona baiskeli tupu Mwanza? Nilichukua futi nikaenda Buhongwa asubuhi kupima zile zinazoingia mjini, zenye magunia ya mkaa, madumu ya maziwa na matenga ya kuku. Mzee mmoja wa Kisukuma alisimama kwa heshima zote, akaniacha nipime kutoka dumu hadi dumu, kisha akauliza, "Unanipimia suti, mama?"

"Nakupimia njia, mzee."

"Basi ongeza kidogo. Kuna siku nambebaga na mke wangu."

Niliongeza. Ukiona mwongozo wetu ni mkarimu kwa baiskeli, mshukuru mama huyo nisiyemjua.

Lakini baiskeli haikuwa sababu ya mimi kuing'ang'ania kazi hii hadi mwisho. Sababu ni mama yangu mzazi.

Mama anakaa Mkuyuni, upande wa mlimani wa barabara kubwa. Mdogo wake, yaani mama mdogo wangu, anakaa ng'ambo, upande wa ziwa, kwenye nyumba yenye mlango wa bluu unaoonekana kutoka kwa mama. Wote wawili walikuja kutoka Ukerewe wakiwa wasichana, na kwa miaka mingi mama alikuwa akivuka kila alasiri kwenda kuchambua dagaa na mdogo wake na kuwasengenya majirani kwa Kikerewe. Kisha barabara ikapanuliwa. Ofisini tulikata keki siku hiyo, nami nilikula vipande viwili. Magari yakajua kukimbia. Goti la mama nalo likaanza kukataa amri, na siku moja pikipiki ilimkosa kwa upana wa kanga. Tangu hapo hakuvuka tena peke yake. Mama mdogo haoni vizuri, kwa hiyo yeye havuki kabisa.

Wakaanza kupigiana simu. Ukipita saa kumi jioni ungewaona, bibi mmoja kwenye kigoda upande huu, bibi mwingine kwenye kigoda upande ule, kila mmoja na simu sikioni, wanatazamana. Mama akisema neno la kuchekesha ananyoosha shingo aone mabega ya mdogo wake yakitikisika. Majirani walikuwa wakicheka, na mimi nilicheka nao. Jumapili nilikuwa nikienda kumvusha mwenyewe, nimemshika kiwiko kama mtoto wa chekechea, naye alinuna njia nzima. "Kwenda kwa mdogo wangu mpaka nivushwe," alisema mara moja, bila hasira. Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenigombeza.

Siku za kazi nilikuwa nikimpita tu na gari la ofisi. Nakumbuka asubuhi moja alikuwa amesimama ukingoni mwa lami, akaliona gari letu akanyanyua mkono. Nilifurahi kumwona. Nilitoa mkono dirishani nikampungia mpaka tukapotea kwenye kona.

Basi nilipofika sura ya kuvuka barabara niliiandika kwa moyo wote. Watu wa mtaani husema zebra. Mimi, mwenye alama nzuri, niliona zebra ni neno la mtaani mno, nikaandika neno la kitabuni: kivuko. Na kwa kuwa barabara ni pana, nikaweka katikati mahali palipoinuliwa ambapo mtu anaweza kusimama salama kabla ya kumalizia nusu ya pili. Hapo napo pana neno lake la kitabuni: kisiwa. Eneo la kufanyia majaribio nikapendekeza liwe Mkuyuni, mbele ya kwa mama. Msiniulize kwa nini.

Kabla ya majaribio ilibidi wananchi watoe maoni. Nikatengeneza tangazo, likabandikwa kuanzia Igogo mpaka Mkuyuni: "Wananchi wote mnakaribishwa kutoa maoni kuhusu kivuko kipya cha Mkuyuni chenye kisiwa."

Mikutano yetu ya maoni huhudhuriwa na mwenyekiti wa mtaa, jamaa zake wawili, na mbuzi. Siku hiyo uwanja wa shule ulijaa. Watu walisimama mpaka kwenye ukuta wa vyoo. Nilipoona umati ule machozi yalinilenga. Nilijiambia kwamba hatimaye watu wa Mwanza wameanza kupenda viwango vya usanifu wa barabara.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee mwenye kofia na fimbo. "Mimi naishukulu selikali," alisema. "Swali langu ni moja. Gati mtajenga upande gani?"

"Gati, mzee?"

Kabla hajajibu, mama mmoja muuza dagaa kutoka Igogo akainuka. "Na kinaondoka saa ngapi? Kinabeba magunia, au ni watu tu?"

Akafuata mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, Mhindi ambaye familia yake iko mjini hapa tangu enzi za babu yake. Alisimama taratibu, akakunjua tangazo letu alilokuwa amelibandua mahali. "Ziwa hili nalijua toka utoto," alisema. "Naomba kuelimishwa. Hicho kisiwa kipya kinatoka wapi?"

Mkuu wa kitengo aligeuza shingo polepole mpaka macho yake yakanifikia.

Katika mji huu, kivuko ni chombo chenye injini na honi, kinachokuvusha maji wewe na mbuzi wako. Kisiwa ni mahali alipozaliwa mama yangu. Mimi, mtoto wa mwanamke wa Ukerewe, niliandika maneno yote mawili kwenye karatasi moja, nikaipiga mhuri, na hakuna kilichonigutusha.

Nilinyakua kipaza sauti ili nirekebishe mambo. "Ndugu wananchi, kivuko hiki hakiendi popote!"

"Kimeharibika kabla hakijaanza?" mtu akauliza kutoka nyuma, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze na mwongozo wangu.

Mama ndiye aliyeniokoa. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, akainuka kwa kushikilia bega la jirani. Kipaza sauti alikikataa.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Msimcheke, nimekwisha mcheka mimi, inatosha. Sasa nisikilizeni. Ile barabara ni ziwa. Mimi niko huku, mdogo wangu yuko ng'ambo, na nimekwama bandarini siku nyingi. Anachosema mwanangu ni kwamba watapaka rangi, na magari yakiniona pale yasimame. Halafu katikati patakuwa na mahali pa kutua. Nifike hapo, nipumzishe goti, nitazame upande wa pili, ndipo niendelee. Nani hapa hajawahi kutua kisiwani?"

Mzee mwenye kofia alitikisa kichwa kukubali. "Kumbe balabala ndiyo ziwa," alisema. "Sasa nimekuerewa, mama."

Mkutano ukapitisha jambo hilo kwa kauli moja, pamoja na ombi la mzee kwamba honi iwepo hata hivyo.

Nilidhani kazi imekwisha. Siku mbili baadaye mkuu aliniita ofisini, rasimu iko mbele yake. Kivuko alikikubali. Kisiwa alitaka kitoke.

"Kinakula nafasi ya magari, dada. Mtu anavuka mara moja tu, anamaliza. Hata kitabu cha zamani kinasema hivyo."

"Mtu gani huyo?" niliuliza.

Hakujua. Hakuna aliyejua. Tulipopima wenyewe muda wa kuvuka, waliovuka walikuwa mimi na wanaume watatu wa ofisini, wote tumevaa viatu vya chini, na magari yanatupigia honi. Nani hakimbii hapo? Nikamwomba aje ampime mama yangu. Alikubali huku anacheka, akidhani namtania, lakini kesho yake alikuja.

Mama alijiandaa kwa kitenge cha kanisani. Mwenzetu mmoja alisimamisha magari kwa bendera, mkuu akashika simu yake ahesabu sekunde, nami nikasema, "Twende, mama." Akaanza, hatua fupi fupi, mgongo umenyooka. Alipofika katikati, dereva wa bodaboda aliyekuwa amesimamishwa akamwita, "Shikamoo, bibi!"

Mama akasimama. Angefanyaje?

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Mama yako anaendeleaje?" Mama yake alikuwa anaendelea vizuri. Dereva wa lori naye akatoa kichwa akaamkia. Mama akamwitikia, akamuuliza ametoka wapi, na huko mvua zimefikia wapi.

Mkuu aliitazama simu, akanitazama mimi. "Huyu anasalimia barabarani."

"Kwenye mwongozo hakuna mahali panapokataza, bosi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena, salamu zilikuwa zimekwisha na mama alikuwa anajaribu kuondoka. Goti lilikataa. Alisimama pale katikati ya lami, na mkono wake wa kushoto ukanyooka kutafuta kitu cha kushika. Hapakuwa na kitu. Aliupeleka mbele, akaupeleka pembeni, kisha akaushusha na kukunja pindo la kitenge. Mkuu alimpa mtu simu yake akakimbia mwenyewe kwenda kumchukua.

Njiani kurudi ofisini, tulipofika Igogo, alinigeukia. "Na mama yangu angesalimia," alisema.

Asubuhi nilikuta rasimu mezani kwangu. Kisiwa kilikuwa mahali pake, na pembeni ameandika kwa kalamu: kiwekwe na nguzo ya kushikia.

Mafundi walipomaliza, rangi ingali inang'aa, mama alitoka na mfuko wake wa dagaa. "Usinishike," aliniambia. Nikamfuata kwa nyuma. Gari la kwanza lilipita. La pili likasimama, dereva kanuna kama aliyenyimwa chakula. Mama alinyanyua uso, akavuka mpaka kwenye kisiwa, akaishika ile nguzo, akashusha pumzi. Nilisimama kando yake nikisubiri sifa zangu.

"Unakumbuka ile asubuhi nilikunyanyulia mkono, uko kwenye gari la ofisi?" aliuliza.

"Nakumbuka, mama. Nilikupungia."

"Ulinipungia. Ulipunga vizuri, mkono wote nje ya dirisha." Alitabasamu. "Nilikuwa nawaomba msimame nivuke. Mama yako mdogo alikuwa na homa. Nilikaa pale ukingoni mpaka saa sita, jirani alipokuja."

Nami niliishika ile nguzo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungelia, na bado nisingevuka." Alinipigapiga shavuni kwa mkono unaonuka dagaa, mkono ule mwingine bado uko kwenye nguzo. "Baki hapa. Huku nakwenda mwenyewe."

Alitazama upande yanakotoka magari. Lori likasimama. Akavuka nusu ya pili peke yake, akitikisa kichwa kumwitikia dereva aliyemwamkia, lakini hakusimama. Mama mdogo alikuwa mlangoni, simu iko sikioni kwa mazoea, ingawa mtu wa kuongea naye alikuwa anamkaribia kwa miguu. Mama aliishusha simu ile kwa upole, akamshika mdogo wake mikono yote miwili. Wakakaa hivyo. Mimi nililia pale kwenye kisiwa, magari yakinipita kulia na kushoto.

Kisha mama akageuka, akanitazama, akanyanyua mkono.

Safari hii sikupunga. Nilisubiri magari yasimame, nikavuka mbio mpaka mlangoni kumuuliza anataka nini.

"Sitaki kitu, mwanangu," alisema. "Leo nilikuwa napunga tu."