Neno Mashariki kwenye Ukuta wa Magharibi

Bulor alikuwa mwanamke mchoma mikate katika mtaa wa Wayahudi wa Samarkand, Asia ya Kati, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko moto wa tanuri lake. Kusoma hakujua, ila hakuna aliyethubutu kumfanya mjinga.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alimkuta Fruma kituo cha treni, mwanamke mkimbizi, Myahudi mwenzake kutoka Lublin kule Polandi, homa imembakiza mifupa. Akambeba hadi kwake, akamlisha supu kwa kijiko kama mtoto.

Alipopona, Fruma alitaka kushukuru. Baba yake alikuwa mchoraji wa masinagogi, naye mkono aliurithi. Akatafuta ubao, masizi, maganda ya komamanga na ya vitunguu, akachora picha ya kutundikwa ukutani imwonyeshe mwenye kusali upande wa Yerusalemu: simba wawili, kulungu, taji, na katikati neno moja la Kiebrania. Huku akichora alikuwa akisimulia habari za watu wa mtaa wao kule Lublin, jina kwa jina, na Bulor anakanda unga anasikiliza.

Picha ikaisha. Bulor akaita watu waje kula pilau ya karoti, waione. Alijisikia, tena sana, na kwa nini asijisikie? Kumbe shemeji yake Ilyov alikuwa anasoma lile neno. Akacheka hadi akamwaga chai.

"Shemeji, hapa pameandikwa Mashariki. Kwao Yerusalemu iko mashariki, kwetu iko magharibi. Au unataka tuipe mgongo?"

Fruma uso ukamwiva. Akachukua kisu alikwangue. Bulor akamdaka mkono.

"Ulinipa, hukunipa?"

"Nilikupa, dada. Lakini nimekosea. Nimeandika kama alivyoandika baba."

"Basi hujakosea. Na mali yangu haikwanguliwi."

Akaitundika mwenyewe ukuta wa magharibi, neno lake palepale.

Wazee wa sinagogi nao wakaitaka. Waliahidi kuiweka ukuta wa mbele, jina la Bulor litajwe, mradi neno lifutwe. Jamani, heshima hiyo aliitamani tangu usichana wake. Akakataa, kisha akaenda jikoni akalia kwa uchungu.

Vita vikaisha. Habari za Lublin zikafika: mtaa wa kina Fruma haukubaki na mtu, wameuawa wote. Fruma akapanda treni kwenda kuhakikisha kwa macho yake. Bulor alimletea picha kituoni ikiwa imefungwa shuka, Fruma akakataa kuipokea.

"Kule sina ukuta, dada. Kwako kuna wanaosali."

Ijumaa iliyofuata, jioni, Ilyov alisimama mbele ya picha kusali kama kawaida yake. Safari hii hakuanza.

"Shemeji," alisema, "baba yake Fruma aliitwa nani? Nimtaje kwenye dua."

"Nusn mwana wa Berl. Mkewe Gitl. Binti yao Rojza."

Ilyov akayataja majina hayo. Bulor akaendelea, kidevu juu, bila kukwama popote: Hersz mshona viatu na mama yake, mjane Szajndl na wanawe. Ilyov akawa anamfuata jina kwa jina, sauti inamkatika. Chakula kilipoa mezani. Hatimaye akafuta macho, akageuka aende kukaa.

"Rudi hapo," Bulor akamwambia. "Mtaa bado haujaisha."