Karata za Waliofikisha Hamsini

Kwenye mradi wa mpunga nilikofanya kazi, pale Ifakara, tulikuwa na kompyuta mbili na madhehebu mawili. Kompyuta ya kwanza ilikuwa na skrini nyeusi na maandishi ya kijani, na haikufanya lolote mpaka uiandikie amri kwa usahihi. Ukikosea nukta moja inakukatalia kama karani wa mahakama. Ya pili ililetwa na wafadhili katikati ya miaka ya tisini. Hiyo ilikuwa na vipicha, vidirisha na kipanya cha kusukuma juu ya meza. Mimi, mpiga chapa, binti wa miaka ishirini na minne, nilikuwa muumini wa vipicha. Katibu muhtasi wetu, mama mmoja wa Kindamba mwenye sauti ya kuongozea kwaya, alikuwa wa skrini nyeusi na hakutaka kusikia injili nyingine.

"Mashine ya kuonyeshea kidole ni ya mtoto asiyejua kusema," alikuwa akiniambia.

"Na hiyo yako, mama, mpaka uikariri kama katekisimu."

"Ungeikariri hiyo katekisimu usingekuwa hivyo ulivyo."

Tulibishana hivyo kila asubuhi tukingoja umeme, ambao ulizalishwa Kidatu, karibu tu na sisi, ukatupita kwenda kuwawakia watu wa mjini.

Ndani ya kompyuta ya vipicha mlikuwa na mchezo wa karata, ule wa kucheza peke yako. Siku moja meneja alirudi kutoka Mlimba bila kutarajiwa, akanikuta mimi na dereva tumeinamia skrini, tunabishana malkia mwekundu akae wapi. Hakufoka. Baada ya chakula cha mchana tukaona tangazo mlangoni: michezo ya kompyuta ni marufuku kwa mtumishi yeyote aliye chini ya miaka hamsini.

Nilimuuliza kwa adabu zote kwa nini hamsini.

"Kijana hawezi kujizuia," alisema. "Mtu wa hamsini akili imeshatulia."

Yeye alikuwa na hamsini na moja. Ofisi nzima hapakuwa na mwingine.

Basi ile akili iliyotulia ikavuta kiti mbele ya mashine yangu na haikuinuka tena. Asubuhi alicheza kuhakikisha mtambo ni mzima, mchana akacheza kupumzisha kichwa. Alicheza vibaya, tena kwa kuguna. Mimi nikabaki nimeshika ripoti ya mavuno ya Katindiuka, sina pa kuichapia, ikabidi nikapige magoti kwenye skrini nyeusi. Mama katibu alinipokea kama mwasi aliyerudi kanisani. Alinifundisha amri moja moja, na kila nilipokosea alinichapa kibao mkononi.

Aliyeumia zaidi ni dereva, maana karata zilikuwa zimemkolea. Asubuhi moja aliingia amevaa shati la Jumapili, akasimama mbele ya meneja.

"Bosi, naomba kurekebisha jambo. Mimi nina miaka hamsini na mitatu."

Meneja hakutoa macho kwenye skrini. "Faili lako linasema arobaini na tano."

"Faili lilidanganywa, bosi. Wakati ule walitaka vijana."

"Nani alilidanganya?"

"Mimi mwenyewe. Lakini kwa nia njema."

Kabla meneja hajajibu, mama katibu alikuwa ameshasimama. Yeye alikuwa bado na arobaini na tisa.

"Hebu ngoja. Miaka yote hii unanipa shikamoo, na mimi nakuitikia marahaba?"

"Nilikuwa nalinda faili, mama."

"Usiniite mama! Kumbe namwitikia mtu aliyenizidi? Umenizeesha bure!"

Nilicheka mpaka nikaegemea kabati. Meneja naye alicheka, kisha akawa mkarimu ghafla. "Hamna shida. Nitawaandikia makao makuu wabadilishe. Ila kwa umri huo unastaafu karibuni. Unataka karata au unataka mshahara?"

Dereva aliitazama ile skrini kwa uchungu. "Arobaini na tano, bosi," akasema taratibu. "Nilichanganya na umri wa kaka yangu."

Akatoka kwenda kuosha gari. Kesho yake alimwamkia mama katibu kama kawaida. Alijibiwa kwa msonyo.

Haikupita miezi mingi, mama katibu akatimiza hamsini. Alikuja na cheti cha ubatizo, akakiweka juu ya kibodi, palepale penye vidole vya meneja.

"Nimekuja kuchukua haki yangu."

Sheria meneja aliitunga mwenyewe, ikabidi ainuke. Mama akakishika kipanya, akakiinua hewani, akakielekeza kwenye skrini kama anayemulika tochi. "Mbona haiendi?" Nikamshusha mkono taratibu mpaka mezani. Nilitegemea atasusa. Badala yake, baada ya muda mfupi, yeye na meneja walikuwa wakigombea zamu kwa sauti iliyofika barabarani, na mimi nikawa mmiliki pekee wa skrini nyeusi. Nikaanza kuipenda, kwa siri. Hakuna aliyeisogelea, na haikuwa na malkia wa kunipotezea asubuhi.

Siku hizi nikiona boksi la mchezo limeandikwa umri wa mtoto anayeruhusiwa kuucheza, huwa nacheka. Watoto nimewaona wakichoka na kwenda kucheza mpira. Wale wawili wetu sikuwahi kuwaona wamechoka.

Mwishowe meneja alihamishwa, akaja mwingine, kijana wa thelathini na kitu. Alisoma tangazo mlangoni, akapiga hesabu ya umri wake, akaufuta mchezo siku hiyohiyo. Mama katibu alimnunia mwezi mzima. Kisha akarudi kwenye skrini nyeusi, akanikuta nimekaa, akanisukuma kwa nyonga.

"Hama. Nenda kwenye mapicha yako."

"Sihami, mama."

Akavuta kiti, akakaa kando yangu, akaanza kunisahihisha nukta.