Diski Kubwa ya Donholm

Mdogo wangu alipoletewa kompyuta mpya, nilienda kwake mtaa wa Donholm kumpongeza. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikakaa kwenye kochi lake, nikanywa chai yake, na kila neno zuri nililotamka lilinikwaruza koo. Mume wake, shemeji yangu, aliigonga ile mashine kwa kiganja kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maziwa.

"Hii diski yake, shemeji, hata ukiandika mpaka uzeeke haitajaa," alisema.

Nilitabasamu. Kompyuta ya kwanza katika familia yetu ilikuwa yangu. Ilikuwa kuukuu, imetupwa na ofisi nilikokuwa mpiga chapa, nami niliibeba hadi kwangu mtaa wa Umoja nikiwa nimeifunga kwa blanketi. Diski yake ilikuwa ndogo hivi kwamba kabla ya kuandika kitu kipya ilinibidi kufuta cha zamani. Lakini ilikuwa ndiyo iliyomleta baba kwangu kila Jumamosi.

Baba alikuwa amestaafu kutoka reli na aliishi peke yake katika mtaa wa Tena tangu mama afariki. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na nyimbo zetu za nyumbani, zile za kwetu magharibi, alikuwa nazo kichwani tu. Aliamua kuziandika. Nilimfundisha programu yangu, ile ya skrini ya buluu na herufi nyeupe, akaipenda kuliko nilivyotarajia. Herufi zake zote zilikuwa na upana mmoja, kwa hivyo do, re, mi za soprano zilikaa sawasawa juu ya zile za besi, kama wanakwaya waliopangwa mstari. Alidonoa kibodi kwa vidole viwili huku akiimba chini chini. Mimi nilikaa nyuma yake nikichambua mchele, na nyumba yangu ikawa na sauti ya mwanamume. Alikuwa akiniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Mdogo wangu aliitwa kwa jina lake tu, na nilijua jambo hilo lilimuuma.

Mashine ya Donholm haikuwa hata na mwezi mmoja ilipoanza kumvuta baba.

"Mama, Jumamosi hii nitapitia kwa mdogo wako," aliniambia baada ya ibada. "Nione hicho kitu chao."

Jumamosi iliyofuata pia alipitia huko. Nilikaanga mandazi, nikaweka chai kwenye chupa, nikasikiliza kila mlango wa ploti yetu ukifunguliwa. Wa tatu kufunguliwa ulikuwa wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Nilimpa na mandazi akaondoka nayo.

Halafu mdogo wangu akanipigia simu ofisini.

"Dada, njoo na disketi zako. Baba haitaki hii programu mpya. Nyimbo alizokuja nazo kwenye disketi akizifungua hapa zinakuwa takataka, vimraba vitupu. Anataka ile yako ya zamani."

Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya wenzangu. Ina maana pamoja na ukubwa wake wote, ile mashine ilikuwa imeshindwa na wimbo mmoja wa baba.

Nilifika Donholm Jumamosi mchana na sanduku la disketi mkononi. Baba alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, miwani kwenye paji la uso. Nikaingiza disketi ya kwanza, nikaandika amri ya kuiingiza programu kwenye mashine. Programu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba diski haina nafasi ya kutosha, ikasimama.

"Haina nafasi?" mdogo wangu alicheka. "Dada, hii mashine ni tupu! Hizo disketi zako zimeoza."

Nilirudia. Ikasema vilevile.

"Basi tuachane nayo," alisema. "Baba atajifunza hii mpya. Nitamfundisha mimi mwenyewe."

Aliposema "mimi mwenyewe" alimwekea baba mkono begani, na baba akaupigapiga ule mkono. Niligeuza macho kwenye skrini ili nisiwaone. Hapo ndipo nilipokiona kile kistari.

Programu ilikuwa imeandika nafasi inayohitaji, na chini yake nafasi iliyoikuta. Nambari ya pili ilikuwa ndefu, na mbele yake kulikuwa na kistari kidogo, alama ya kutoa. Hiyo ilikuwa nambari iliyo chini ya sifuri. Nilikaa nikiitazama. Diski haiwezi kuwa na nafasi iliyo pungufu ya hakuna. Wale walioandika programu ile hawakuwahi kuota kwamba siku moja mtu atakuwa na diski kubwa kiasi hicho. Ilikuwa inahesabu mpaka hesabu zake zinaisha, kisha inaangukia upande wa pili wa sifuri.

Ningeweza kunyamaza. Baba angerudi kwangu, kwa kuwa nyimbo zake zilifunguka kwangu tu. Wazo hilo nililiona vizuri, nikaliona pia lilivyokuwa tamu. Lakini wivu wangu ulikuwa na tamaa nyingine kubwa zaidi. Nilitaka baba aone ni nani anayejua.

"Disketi hazijaoza," nilisema. "Ni diski yenu iliyozidi. Lazima tuijaze mpaka programu iweze kuihesabu nafasi inayobaki."

"Tuijaze?" Mdogo wangu alinitazama kana kwamba nimepandwa na homa.

"Una kitu chochote kikubwa?"

Alikuwa na sidii ya ensaiklopidia iliyokuja na mashine. Nikainakili yote kwenye diski. Tukangoja, tukala chapati. Nikajaribu tena. Kistari kilikuwepo. Nikainakili mara ya pili, kwenye folda nyingine. Nilipojaribu tena kistari kilikuwa kimeondoka, na programu ikaomba disketi ya pili kwa utulivu kana kwamba hapakuwahi kuwa na ugomvi. Ilipomaliza kuingia nikazifuta zile nakala. Programu ikabaki inafanya kazi.

Skrini ikawa ya buluu. Baba akashusha miwani, akafungua wimbo, sauti zote nne zikasimama mahali pake. Aliimba besi mstari mzima.

"Mama, umeweza," alisema. Moyo wangu ulijaa. Kisha akamgeukia mdogo wangu, akatabasamu kwa namna ileile. "Sasa nitakuwa nakuja hapa. Hapa kuna nafasi."

Nilirudi Umoja kwa miguu kupitia barabara ya Outer Ring, sanduku la disketi likinigonga nyonga.

Jumamosi zake zikawa za Donholm. Lakini alipokwama hakumwuliza mdogo wangu, alinipigia simu mimi. "Mama, nimebonyeza nini? Mstari wa alto umekimbia." Nilimwelekeza, nikirefusha maelezo makusudi.

Jioni moja mdogo wangu alikuja kwangu bila kubisha.

"Nampikia, namkaribisha, mashine ni yangu," alisema akiwa bado mlangoni. "Lakini kinywani mwake ni wewe tu: mama angejua, mama angefanya. Nimechoka, dada. Hata kwangu yuko na wewe."

Nilidhani ningefurahia kuyasikia hayo. Nilimvuta ndani, nikamwekea kiti.

"Mimi namsikia kwenye simu tu," nilimwambia. "Wewe unamsikia akiimba."

Aliketi. Kisha akauliza kama ningeweza kumfundisha ile programu, ili baba akikwama ajibiwe palepale. Nilikubali, nikamfundisha polepole, na sehemu ya mstari unaokimbia niliiacha mpaka mwisho. Hiyo nayo nilimfundisha. Simu za baba zikapungua, na kila ofisi ilipokuwa kimya nilijikuta nikitazama ile simu, nikimwonea mdogo wangu wivu upya.