Joto la Dobi

Mtaani wote walimwita Mkunjo, kwa sababu dobi huyo hakuvumilia mkunjo hata kwenye leso ya mtu. Shati la muuza makaa alilipiga pasi kana kwamba mwenyewe anakwenda kuoa.

Kwa hiyo uso ulipoanza kumwaka moto, lawama zote zilikwenda kwa pasi. Akanunua nyingine. Akahamishia meza dirishani. Wapi! Tumbo nalo likawa linamkimbiza chooni kila mara, akayasingizia maharage. Mkewe akamtania, "Baba watoto, au na wewe umefikia umri wa kina mama kukoma hedhi?"

Siku moja umeme ukakatika. Pasi baridi, yeye amejikalia tu kitini, mara uso ukamwiva na jasho likamtiririka. Mkewe, aliyekuwa akicheka, akainuka.

"Vaa viatu," alisema. "Twende hospitali."

Huko wakagundua saratani ya utumbo: uvimbe usiozidi punje ya hindi, lakini uliokwisha kusambaa hadi kwenye ini. Daktari, mama mmoja mpole, akawaeleza kwamba saratani ya aina hii hutengeneza homoni nyingi, nazo husafiri kwenye damu, huwasha uso na kuvuruga tumbo. Mkunjo akashika kichwa. Kipunje kimejificha tumboni, halafu kinauamrisha uso!

"Nitakufa, daktari?"

"Ule wa utumbo tutaukata. Ule wa kwenye ini tutautuliza kwa sindano kila mwezi. Dawa yenyewe inaiga homoni ambayo mwili wako hujitengenezea, ya kuziambia nyingine zitulie."

"Mwili wangu? Huu huu unaonuka sabuni?"

"Huo huo."

"Nani aliufundisha?"

Daktari akacheka. "Hata mimi huwa najiuliza."

Akapasuliwa, akaanza sindano. Joto likaenda zake, na chooni akaenda kama watu wengine. Lakini ini halionekani kwa macho, na mkewe hakupata usingizi wa maana mpaka siku ya majibu ya picha.

"Uvimbe wa ini haujaondoka," daktari alisema. "Ila haujakua hata kidogo."

Mkewe akaangua kilio cha furaha. Mkunjo, aliyekuwa amelala kifudifudi akisubiri muuguzi amchome sindano yake, akapenyeza mkono chini ya tumbo, akalipapasa kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mteja yeyote.

"Asante sana," alisema.

"Karibu, mzee," muuguzi akajibu.