Kibondo Hadi Kasulu, kwa Juu na kwa Chini

Mdogo wangu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kupanda ndege, na mpaka leo sijamsamehe.

Ilikuwa miaka ya sabini. Sote wawili tuliishi Kibondo: mimi nimeolewa na mkulima, yeye muuguzi mwenye viatu vyeupe. Mama alibaki Kasulu. Asubuhi moja tukaletewa habari kwamba homa imemlaza, hata chakula hali. Nikabeba maharage na kibuyu cha asali, nikakimbilia lori. Mama alizoea kumsifu yule mwingine, basi niliapa kwamba safari hii nitafika kwanza mimi, nimpikie uji kwa mkono wangu.

Lori likakwama kwenye tope karibu na Nyakitonto. Tulishuka, tukakata matawi, tukasukuma mpaka nguo zikawa na rangi ya barabara. Mchana ndege ndogo ya wagonjwa ikapita juu yetu. Watu wakaipungia mikono, na mimi mjinga nikapunga kuliko wote.

Nilifika kesho yake jioni. Mama alikuwa ameketi mkekani, amepata nafuu, anakunywa uji. Aliyeshika bakuli ni mdogo wangu. Kumbe kulikuwa na mgonjwa wa kusindikizwa, wakamchukua yeye. Akapanda Kibondo, akashuka kwenye uwanja wa majani wa Kasulu, hata nusu saa haikutimia.

"Tuliona lori limekwama," alikuwa akimsimulia mama. "Watu wadogo kama siafu, wanatupungia."

"Mmoja wao ni mimi," nikasema. Waliendelea kucheka.

Kwetu aliyetoka mbali huoshwa miguu kwanza, kisha nyumba nzima hunyamaza, aulizwe habari za njia. Njia ikiwa ndefu, na heshima huwa kubwa. Mama akamwambia mdogo wangu, "Mwoshe mkubwa wako miguu, katoka mbali."

Nilifurahi, tena nilifurahi vibaya. Yeye hakuwa ameoshwa. Angeoshwa nini, na miguu yake ilifika safi kama ilivyoondoka? Nikaketi kwenye kigoda, nikanyoosha miguu, nikayapanga maneno yangu: tope, matawi, mvua, usiku chini ya lori na njaa.

Akapiga magoti, akaniosha taratibu, kidole baada ya kidole. Upole ule nao ulinikera. Mama akajisogeza karibu yetu, nami nikakohoa kidogo, tayari kuanza.

"Hebu rudia pale pa Malagarasi," mama akamwambia yeye. "Mto ukiuona kutoka juu, unakuwaje?"

Maji ya beseni yalikuwa mekundu kwa udongo wa njia nzima. Mdogo wangu akayamwaga kwenye migomba huku akisimulia. Habari za njia yangu hakuna aliyeziuliza.