Kura ya Alban Hesketh

Mwaka ule wa sitini baridi ilianza kuuma mapema, na Alban Hesketh alikuwa na miaka thelathini na minne na goti la mtu wa sabini. Kila Jumamosi kabla ya mechi daktari wa timu ya Hollinbrook alimchoma sindano pembeni ya goti, na Alban aligeuza uso akajifanya anasoma tangazo la sigara ukutani. Dawa ikishaingia, alikuwa beki wa kushoto kama mabeki wengine. Jumapili alishuka ngazi za nyumbani kwa makalio, moja moja, kama mtoto, na mkewe Mavis alijitia haoni.

Alikuwa ameichezea Hollinbrook tangu alipotoka mgodini. Hakuwahi kuwa nyota. Washabiki walimwita Geti, na siku alizopitwa ovyo na mawinga walimwita Geti Bovu, lakini hata kuzomea kwao kulikuwa na mapenzi ndani yake.

Wakati ule sheria ya ligi ilikataza klabu yoyote ya Uingereza kumlipa mchezaji zaidi ya pauni ishirini kwa wiki. Uwe unajaza uwanja peke yako, uwe unasugua benchi kwenye kikosi cha akiba, kikomo kilikuwa hicho hicho. Na nyumba walizokaa wachezaji zilikuwa za klabu. Ukiachwa na timu, na nyumba unaiacha. Sasa chama cha wachezaji kilikuwa kimechoka. Kilitaka kikomo cha mshahara kifutwe, la sivyo wachezaji wagome nchi nzima. Kila timu ilitakiwa ikae, ikubaliane, kisha ipeleke neno lake kwenye mkutano mkubwa wa Manchester. Pale Hollinbrook mwakilishi wa chama alikuwa Alban. Yeye ndiye aliyekusanya ada, na yeye ndiye vijana waliyemkimbilia walipoonewa.

Ndiyo maana Bwana Crowther alimwita.

Hubert Crowther alikuwa mwenyekiti wa klabu na mwenye kiwanda cha sapatu, zile za manyoya za kuvaa ndani ya nyumba, ambacho kiliajiri nusu ya mji. Alimpokea Alban ofisini kwake kiwandani, akamsogezea kiti.

"Kaa, Hesketh. Goti linasemaje?"

"Zima tu, Bwana Crowther."

"Acha hizo. Bili za sindano nazisaini mimi." Akawasha kiko chake taratibu. "Nikuulize. Kikomo kikiondoka, huyu Duxbury wenu atataka nini?"

Gerald Duxbury alikuwa mshambuliaji wao, miaka ishirini na mitatu, mabao yanamtoka kama jasho.

"Atataka anachostahili," Alban alisema.

"Atataka mara tatu. Na nitampa, maana nisipompa mimi watampa wa London. Sasa hizo hela zitatoka wapi? Kwenye pochi ya mama yangu? Nina wachezaji thelathini. Nitabaki na kumi na sita. Wewe unadhani utakuwa wa ngapi?"

Alban alilitazama goti lake.

"Waambie wenzako wasigome. Hapa kwetu tu, sikutumi Manchester. Ukiwageuza, ile nyumba ya klabu mnayokaa Mtaa wa Alma ni yako na mkeo mpaka mwisho wenu. Na goti likigoma kabisa, utapata kazi ya kutunza uwanja."

"Na nisipoweza?"

"Basi mimi na wewe hatujaongea."

Alimkuta Mavis anamenya viazi. Tangu utotoni Mavis alikuwa amefanya kazi kwenye viwanda vya pamba, na ile pamba ilikuwa imeingia kifuani ikakataa kutoka. Kabla klabu haijawapa nyumba ya Mtaa wa Alma walikaa chumba cha chini ya ardhi, kuta zinatiririka maji, na majira ya baridi mawili mfululizo padri aliitwa aje amsomee sala za mwisho. Mtaa wa Alma kulikuwa kukavu. Pale Mavis aliweza kulala chali kama watu wengine.

Alisikiliza habari yote bila kuacha kumenya.

"Sema ndiyo," alisema.

"Wananiamini, Mavis."

"Na wakuamini, nani kawakataza? We waambie ukweli, kwamba kikomo kikitoka wengi wenu mtatupwa nje. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa kosa liko wapi?"

Alban alitafuta kosa liko wapi akashindwa kulionyesha kwa kidole. Lakini alijua lipo.

"Mimi sirudi kwenye kuta zinazotoka jasho," Mavis alisema, na kikohozi kikamshika, akasubiri kipite. "Nitakufa, Alban. Sikutishi. Nakwambia tu ujue."

Kikao kilifanyika Jumanne baada ya mazoezi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, watu wana matope mpaka masikioni na mvuke wa bafu umetanda. Alban alipanda juu ya benchi. Alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, na mwanzoni yalikwenda vizuri. Alisema mgomo ni jambo zito. Akasema kikomo kina ubaya wake lakini pia ndicho kinachowaweka mezani watu wa kawaida. Nyota watalipwa, na wengine wote watakuwa makapi. Alipofika hapo akaona nyuso zinamkazia macho, akaanza kukimbiza maneno.

Wilf Ogden, kipa, alikuwa amejifunga taulo kichwani kama bibi wa sokoni. "Mzee," alisema, "leo umekunywa chai au umekunywa yale mafuta ya kuchulia misuli?"

Watu wakacheka. Alban naye akajaribu kucheka.

"Nasema la moyoni, Wilf."

"Moyo wa nani?"

Kicheko kikakatika. Gerald Duxbury alikuwa amekaa sakafuni anafungua kamba za viatu, na alizungumza bila kuinua kichwa. "Kaka Alban, wewe ndiye uliyeniingiza chamani. Ulinikalisha pale kwenye kona ukaniambia sisi ni punda wa Crowther, na punda hajui hata bei yake. Nilienda nyumbani nikamwambia baba maneno hayo. Leo unataka turudi zizini?"

"Nataka tufikirie."

"Tumeshafikiria," alisema Tatlow, winga wa akiba. Tatlow hakuwa amefunga bao tangu Pasaka, na kila mtu, hata yeye, alijua kwamba klabu ikipunguza watu atakuwa wa kwanza. "Mimi najua nitaondoka. Bora niondoke mtu mwenye bei. Tupige kura, maji yanapoa."

Mikono ya kuunga mgomo ikanyooshwa. Wilf alizunguka chumba akiihesabu. Kisha akauliza nani anapinga, na Alban akainua mkono wake, peke yake, juu ya benchi, mahali ambapo kila mtu angeweza kuuona. Mpaka dakika ile alikuwa hajui kama angeuinua kweli. Wilf alisema, "Mmoja," akaingia bafuni.

Mgomo wenyewe haukufanyika. Mwezi Januari, siku chache tu kabla ya Jumamosi iliyopangwa, wenye ligi walinywea na kikomo kikafutwa. Mjini watu walipongezana kama wamepata mvua baada ya kiangazi, ingawa Hollinbrook mvua haijawahi kukosekana. Alban alicheza mpaka mwisho wa msimu. Wenzake walimpasia mpira kama kawaida, walimsalimu kama kawaida, walimwachia sabuni bafuni. Hakuna aliyemrushia neno hata moja, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Mwezi Mei meneja aliwaita mmoja mmoja kwenye stoo ya viatu. Walitoka humo kumi na wanne ambao hawakuwa na timu tena. Tatlow alitoka anapiga mluzi. Alban alipoingia, meneja, mtu mwema asiye na nguvu, alishindwa kumtazama, akaongea na rafu ya viatu. Nyumba irudishwe mwisho wa Juni.

Alban alikwenda moja kwa moja kiwandani, akasubiri korido mpaka Crowther alipotoka kula chakula cha mchana.

"Bwana Crowther, nilisema. Nilisema mbele ya wote. Waulize."

"Najua ulisema. Nilisikia siku ileile."

"Basi nyumba—"

"Hesketh, mimi nilitaka kura. Hotuba ningeweza kuipata kwa askofu, tena bure."

"Mke wangu hatavuka baridi nyingine. Nakuomba, Bwana Crowther. Nipe chumba kimoja. Nitalala mimi uwanjani, chini ya jukwaa, yeye umwache palepale." Angepiga magoti kama goti lingekubali, alishika ukuta akajaribu, mguu ukakataa njiani, akabaki ameinama nusu kama mtu aliyeangusha kitu. Wasichana wa kiwandani waliokuwa wanapita na mikate yao wakasimama kutazama.

Crowther aliona haya, na haya ikamfanya awe mkali. "Simama, bwana! Mbele za watu! Nyumba nimeshampa beki mpya, ana watoto. Kuna nafasi chumba cha gundi. Utaanza Jumatatu, ukitaka."

Alitaka. Angefanya nini?

Walipata vyumba viwili nyuma ya mitambo ya gesi, na Alban alipaka kuta chokaa mara tatu. Kufika Oktoba zile kuta zilikuwa nyeusi tena pembeni. Mavis alilala amekaa, mito mitatu mgongoni, na hakumlaumu kwa neno lolote. Usiku mmoja tu alimuuliza, "Hivi kama ungenyoosha mkono pamoja nao, kingebadilika nini?" Alban akasema hakuna. Mavis akasema, "Basi mimi ndiye niliyekuponza," na Alban akakataa kwa nguvu mno, kwa sauti ya mtu asiye na uhakika.

Novemba, Gerald Duxbury alikuja kiwandani kupigwa picha za matangazo. Sasa alikuwa na gari, na koti zuri la kijivu. Walimkalisha kwenye kiti cha kifahari katikati ya mashine, miguu yake imevikwa sapatu za manyoya, na wafanyakazi wakaachwa wasogee kutazama. Alimwona Alban mlangoni mwa chumba cha gundi. Akanyanyuka na sapatu zake, akamfuata.

"Kaka Alban. Shemeji yupo? Kifua chake kinaendeleaje?"

"Yupo. Kifua ni kilekile."

Gerald alitazama mikono ya Alban, gundi imekauka vidoleni kama ngozi ya pili.

"Gerald," Alban alisema, "siku ile ya kura nilikuwa nimetumwa."

"Tulijua."

"Mlijua?"

"Shangazi yake Wilf anafagia ofisi ya Crowther. Tulijua kabla hujapanda benchi."

Alban alihisi damu inampanda mpaka masikioni. "Mbona hamkusema? Wilf angesema. Angenitoa nje mbele ya wote."

"Wilf ndiye aliyetukataza. Alisema una mgonjwa nyumbani, tukuache umalize. Wengine walitaka kukupigia kura, Kaka. Kwa ajili ya Mavis. Ila haikuwezekana. Unaelewa, si ndiyo? Haikuwezekana."

Alban aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Alitaka kusema kitu kingine, kuhusu nyumba labda, au kuuliza kama Gerald anamfahamu mtu mwenye chumba kikavu, na neno lilikuwa tayari limefika mdomoni wakati mpiga picha alipoita kutoka nyuma ya kamera yake.

"Bwana Duxbury, rudi kitini tafadhali, mwanga unaondoka! Na wewe mzee, sogea kidogo. Unaingia kwenye picha."

Alban akasogea.